Neno Langu Kuhusu Timazi

Nyumba ya kona, nyuma ya ghala la mbao
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mpwa wangu Kidege,

U hali gani huko ugenini, mwanangu? Baridi imepungua? Wajukuu zangu wanakula vizuri? Natumaini hamjambo nyote. Mimi sijambo ya kusema tu. Figo zimechoka, na daktari siku hizi anazungumza nami kwa upole mno, kwa hiyo nimeelewa.

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kwamba unataka kuijenga upya nyumba ya marehemu mama yako. Unasema Timazi bado anachukua kazi, na kwa kuwa ndiye aliyenijengea mimi, unangoja neno langu tu ndipo umwite. Ndilo lililonikalisha mezani.

Mama yako naye aliliomba neno hilo. Alikuja hapa kuuliza habari za mkandarasi, akamkuta mwenyewe Timazi sebuleni, kikombe mkononi. Unajua dada yangu hakuwa na haya. Alisema mbele yake, “Haya kaka, huyu bwana anafaa, au nimrudishe alikotoka?”

Timazi akacheka, akaziba masikio kwa vidole. “Muulize tu, dada. Mimi sipo!”

Kidege, siku ile Timazi hakuja kunywa chai. Nilimwita mimi, kwa ukali, aje aone ufa uliopanda kutoka sakafuni hadi juu ya dirisha. Tulikuwa tumeuficha kwa kabati la vyombo, nami nilikuwa nimeliegemea kabati hilo. Lakini alikuwa mgeni wangu, na sisi hatumvunjii mtu heshima akiwa kwenye kiti chetu. Nikasema, “Mkabidhi kazi, dada. Hutajuta.”

Nilijiambia nitamfuata kesho yake, nimweleze kando. Kesho ikazaa kesho. Msingi ukachimbwa, kuta zikapanda, nikaona haya kuanza upya.

Wewe uliambiwa kibaraza cha juu kiliangushwa na mvua mama yako akianika nguo. Mazishini Timazi alinishika mkono, akasema mvua ya mwaka huu haina huruma. Nikaitikia, “Kweli kabisa.”

Sasa nikikaa sebuleni, hata mchana kweupe, namsikia mama yako akiniuliza, kwa sauti ileile ya utani. Huwa namjibu kwa sauti: hafai, dada, hafai. Binti yangu anadhani nasali. Ninaposita kidogo, dada huuliza tena.

Basi neno langu ndilo hili: Timazi asiguse kiwanja kile. Tafuta mwingine, na ukienda kuona nyumba alizojenga, nenda bila yeye. Waulize wenye nyumba faraghani, tena waliokwisha kupita masika humo ndani. Anayekujibu upesi kwamba fundi ni mzuri, kaa naye kidogo zaidi.

Wasalimie mumeo na watoto. Shangazi zako wa hapa wanakusalimu. Hawajui ninachokuandikia, nawe una ruhusa ya kuwaambia. Mungu aisimamishe nyumba yako, na walalao ndani yake waamke salama.

Ukinijibu, nakuomba usinijibu kwa adabu.

Mimi mjomba wako, ninayekupenda tangu ulipokuwa mgongoni mwa dada yangu.