Nyuma ya Picha ya Asha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Bwana asifiwe, Baba wa mbinguni. Afya yako siulizi, wewe huugui. Mimi presha imepanda kidogo, lakini nimekula. Haya siwezi kumwambia mtu mwingine.

Nimetoka mkutano wa wachezaji wa zamani wa voliboli, kwa ule ukumbi wa Pioneer wenye Ukuta wa Mashujaa. Nafasi ya picha imebaki moja. Wanaoishindania ni Rael, niliyecheza naye timu ya Kiwanda, na Asha wa timu ya Turbo. Karibu ukuta wote ni sisi Kiwanda — hata mimi niko pale, nimekunja uso kama mtu amekanyagwa!

Kisha mwenyekiti, Mzee Eliakim, akasema Jumamosi hakuna kura ya karatasi. Mara ya mwisho karatasi zilizidi watu. Itakuwa mlolongo: kila mtu asimame nyuma ya picha anayoitaka.

Wote waone. Na yeye aone. Na kijana wangu Mabonga anaendesha lori ya huyo Mzee.

Jumatano, 5 Machi

Asha alipita kibandani kwangu. Nikammiminia chai — nikasahau amefunga! Tukacheka mpaka machozi. Kura hakuomba. Aliuliza tu goti langu linaendeleaje.

Alipoenda nikaanza kufikiria. Kombe tulibeba kila mwaka, ni kweli, na tulitoa jasho. Lakini tulikuwa na basi na mshahara. Msichana yeyote aking'ara timu ndogo kama Soy ama Turbo, tunamchukua. Asha tulimwita akakataa. Alisema akitoka, wenzake watakosa hata wa kuwafundisha kusevu. Hawakushinda kombe hata siku moja. Na pale neti, yeye ndiye pekee niliyekuwa namwogopa.

Ningechezea Turbo mimi, picha yangu ingekuwa wapi?

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya maombi ya mchana Mzee Eliakim alinishika mkono. Sauti ya chini, anatabasamu.

"Mama Mabonga, ukuta ni wa washindi. Kesho nitakuona upande wetu."

Halafu akauliza kijana anaendeleaje na lori.

Anaendelea vizuri. Bibi yake ni mjamzito. Jioni sikuweza kula.

Nimejiambia si Mzee ninayemwogopa, ni Rael nisiyetaka kumuumiza. Rael ni kama dada yangu. Hiyo imenituliza kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Niko chooni, hapa ukumbini. Nimewaambia ni tumbo. Daftari iko kwa magoti. Naandika haraka — unisamehe mwandiko.

Mistari imepangwa. Wa Rael umefika mlangoni. Wa Asha haukuwa na mtu. Mwenyewe ameketi kando, anaangalia mikono yake. Mzee amesimama mbele, anaangalia nyuso.

Halafu mtu mmoja akatoka, akaenda kusimama nyuma ya picha ya Asha. Peke yake. Ni Rael!

Watu wakacheka, wakadhani amekosea mstari. Mzee akamwambia hiyo si picha yake.

"Nimeona, Mzee," Rael akasema. "Huyu alikuwa ananizidi."

Hapo ndipo nikashika tumbo, nikakimbilia huku. Sasa siwezi kusema ni kwa ajili ya Rael. Nimebaki na woga tu, na lori.

Mzee anaita kutoka nje, kwa upole kabisa. Mama Mabonga, tunakungoja wewe tu.

Baba, nijibu upesi. Mkono mmoja uko kwa komeo ya mlango.