Kiti cha Mbele cha Shemeji

Jumapili, masika

Amelowa, na nimefurahi. Mungu anisamehe.

Gari langu kuukuu nalipendea lile dirisha la paani. Kahawa ikichanua nalifungua, harufu inaingia njia nzima mpaka Kilema. Halafu shemeji Fausti, mdogo wa mume wangu, akaliazima gari kwa harusi ya rafiki yake. Akasimama dirishani akipiga video, kisha akalifunga kwa nguvu mpaka mpira ukachanika. Tangu hapo linavuja. Nilipomlalamikia alicheka: "Mkweche huo, shemeji, ulitegemea nini?"

Leo asubuhi kaja na isale, limefungwa fundo. Mchagga halikatai jani hilo, ukiletewa, unasamehe. Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikamwambia twende wote kanisani, akae mbele, palepale panapovuja. Wingu nilishaliona.

Tulipoanza kupanda mlima, mvua ikamwagika. Suti yake ya kijivu ikalowa mpaka soksi.

"Shemeji, nalowa!"

"Mkweche huu, shemeji, ulitegemea nini?"

Tuliporudi, akaenda kunishtaki kwa mama yake. Mama mkwe ameagiza kesho nikamwombe radhi. Nitaenda. Isale ninalo, lile lile alilonipa.