Umekura Nini?

Kitale, Jumamosi, Julai 2008

Baridi ya leo haina adabu. Ukungu umeshuka kutoka mlimani alfajiri na mpaka sasa adhuhuri haujaondoka, na hapa saiba, duka la kukodi intaneti, nimekaa na koti langu kama mgeni asiyetaka kukaribishwa. Naogopa. Nimeona niseme hivyo mapema, kabla sijaanza kujifanya mwalimu.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili katika shule ya upili hapa mjini. Siku hizi nasahihisha insha zenye "xaxa" na "2taonana"; simu zimeingia mpaka kwenye karatasi za mtihani. Lakini siwezi kuilaani simu. Ndiyo iliyomfundisha mama yangu kuandika. Mwalimu wa ngumbaru, wa kufundisha watu wazima kusoma, kule kijijini kwetu Myanga alihangaika naye miaka akashindwa. Nilipomnunulia simu, alizijua herufi zote kabla mahindi hayajakomaa, kwa sababu sasa alikuwa na mtu wa kumwandikia.

Kila siku saa ya chakula cha mchana aliniuliza neno moja: "Umekura?"

Kwetu Bungoma l na r ni ndugu wa tumbo moja, huazimana nguo. Mama aliandika alivyosema. Nikimjibu kwamba nimekula, hakutosheka, ujumbe wa pili ulifuata papo hapo: "Umekura nini?" Aliamini kwamba mtu anaweza kudanganya kuwa amekula, lakini akiulizwa amekula nini, atababaika.

Alifariki mwaka jana. Simu yake niliiweka mimi mwenyewe ndani ya jeneza, chini ya mkono wake wa kulia. Shangazi alininong'oneza kwamba hiyo si desturi ya Wabukusu. Nikamwambia hata simu yenyewe si desturi ya Wabukusu.

Nikaendelea kumwandikia. Ndiyo, mimi, mwanamke mzima na mwalimu. Kila mchana, katika ofisi ya walimu, niliandika "Nimekula, mama" nikatuma. Simu yangu huleta ripoti: ujumbe ukifika inasema umefika, usipofika inasema unasubiri. Wangu ulisubiri kila siku. Nilizoea hivyo, nikawa hata siangalii.

Jumatatu wiki hii ripoti ilisema umefika.

Nilikuwa na kijiko mkononi, nikakiweka chini polepole. Nikajiambia ni mitambo, mitambo hukosea. Jumanne ukafika tena. Jumatano niliogopa kutuma, halafu nikatuma. Jibu likaja kwa jina lile lile nililolihifadhi kwenye simu, Mama.

"Umekura nini?"

Nilitoka nje. Wanafunzi walikuwa wakicheza mpira ndani ya ukungu, nikawaona miguu tu. Nikafikiria udongo mwekundu wa Myanga, na kule chini, gizani, kioo kidogo cha simu kikiwaka. Sikurudi kumaliza chakula.

Mwenzangu wa Hisabati, mtu wa kucheka kila kitu, ndiye aliyenieleza. "Ati mzimu? Si laini ikikaa bila kutumika inauzwa tena? Kuna mtu amenunua hiyo namba sokoni, bana. Mpigie tu." Alisema hivyo akimenya chungwa, nami nikaona aibu. Hata hivyo nilikaa na simu mkononi mpaka jana mchana ndipo nikapiga. Sikujua ninachoogopa zaidi, kumpata mtu mwingine au kumpata mama.

"Harro?"

Sauti ya mwanamke mzee. Hakuwa mama, ila angeweza kuwa dada yake.

"Mama, ni mimi ambaye nimekuwa nikikutumia ujumbe," nilianza, na nilikuwa nimepanga kuendelea.

"Najua ni wewe, Nafula," akasema. "Nirijua utaipata tu namba mpya. Sauti yako imekuwa nzito. Urikuwa mgonjwa?"

Hakungoja jibu. Alinieleza yote kana kwamba naifahamu nyumba. Yuko pale pale Saboti. Tangu binti yake, Nafula, avuke mpaka wa Suam kwenda Uganda kununua nguo za kuuza asirudi, yeye hajawahi kuufunga mlango wa jikoni. Simu ya zamani iliibiwa, akanunua laini hii hapa Kitale, na siku ya kwanza tu kuiwasha, ujumbe ukaingia: Nimekula, mama. Siku mbili alilia tu. Ya tatu akajibu.

Nilipaswa kumkatiza. Samahani, mama, si mimi. Hiyo ni sentensi ya mtoto wa darasa la kwanza. Lakini akaniuliza, "Umekura?" na mdomo wangu ukajibu wenyewe.

Nimekula, mama.

"Umekura nini?"

Nikasema githeri, mahindi na maharagwe. Akacheka, akashusha pumzi ndefu. "Basi ukuje Jumapiri. Nitachinja kuku." Kisha akakata, na nilipopiga tena hakupatikana.

Tangu jana namfikiria huyo Nafula. Yuko wapi? Huenda yuko hai upande wa pili wa mpaka, na kila mchana anaiandikia namba ile ya zamani, na ripoti yake inasema unasubiri. Huenda hayuko hai. Vyovyote iwavyo, kuna mahali palipokuwa pake, na mimi nimepakalia.

Asubuhi hii mama yule ameandika: "Majirani nimewaambia."

Nimeandika ukweli kwenye simu mara kadhaa nikaufuta. Habari ya namna hii haitumwi. Mtu huenda, akaketi, akasema. Kwa hiyo kesho naenda Saboti. Nitamwambia mama wa watu kwamba binti yake hakuandika, kwamba aliyeandika ni mimi, na nilikuwa nikimwandikia marehemu wangu. Nimekuwa nikiyarudia maneno hayo hapa mbele ya kompyuta kwa sauti ya chini, na yanatoka vizuri, bila kigugumizi.

Lakini najijua. Akitoka mlangoni akaniita Nafula, nitaitika.