Printa Imenyamaza

Jumatatu, 7 Juni 2004

Printa imelia tangu tulipofungua ofisi. Kriii, kriii — inakata, inaanza tena. Hata hapa chumbani bado naisikia masikioni. Nilipotolewa kukata mkonge kule Mazinde kwa ajili ya mgongo, nilidhani nimepata mapumziko. Shambani kulikuwa na jua na miiba. Hapa Korogwe kuna kivuli na kelele. Sijui kipi kinachosha zaidi.

Kazi yangu ni kulisha karatasi, kuchana, kugonga muhuri kila ukurasa, kisha kumpelekea Mzee Kibwana atie sahihi. Kutwa nzima! Meneja wetu huyu haamini kitu kilichomo ndani ya mashine. Alikuwa karani enzi za shirika la umma, kabla mashamba hayajauzwa kwa matajiri. Awadhi, fundi wa kompyuta anayetoka Tanga, ndiye aliyemwambia kwamba sava yetu, ile kompyuta kubwa, inaandika yenyewe kila mtu anayefungua kurasa zetu za bei za kamba kwenye mtandao, na kila kitu kinachoshindikana. Anaziita logi. Mzee akasema, basi ziandikwe kwenye karatasi na zigongwe muhuri. Awadhi akacheka, alidhani utani. Haukuwa utani.

Mtu wa Dar akifungua bei, mstari. Wakala wa Handeni akifungua, mstari. Halafu unakuja mstari mwingine wa kosa, kwa sababu kuna kapicha kadogo kanakoombwa na kompyuta za watu na sisi hatuna. Awadhi anasema hakana madhara. Mzee anasema kosa ni kosa, lazima ijulikane nani anahusika. Wiki iliyopita akaniagiza mimi niandike barua ya kujieleza. Mimi, niliyeishia darasa la nne! Nikaandika: Mheshimiwa, hako kapicha sijakachukua. Ameiweka kwenye faili.

Jumatano, 9 Juni 2004

Dada yangu Paulina amepiga simu ya ofisini, kutoka kwetu Kasulu, Kigoma. Madaktari wa macho wanakuja hospitali ya misheni tarehe 28, wiki moja tu. Jina la mama limeingizwa. Lakini mama amesema hakubali kisu kwenye jicho mpaka mimi niwe pale nimshike mkono. Paulina amembembeleza, padre amembembeleza. Wapi! Mwaka juzi madaktari walikuja, akakataa vilevile, jicho la kushoto likazimika. Hili la kulia linaona kivuli cha mtu tu.

Paulina hakulia. Alisema: Kaka, usipokuja hatakubali. Basi, akakata. Simu ni ghali.

Nimeomba ruhusa. Mzee hata kichwa hakuinua. Ukiondoka nani atalisha karatasi? Nikamwambia yeyote anaweza. Akasema yeyote hana mshahara wa kazi hiyo.

Jumamosi, 12 Juni 2004

Karatasi zikijaa boksi Mzee huniambia nikachome. Sichomi. Nampelekea Hajira, anayepika chapati stendi, naye hunipa chai na chapati mbili. Upande wa nyuma ni mweupe kabisa, dhambi kuchoma.

— Wee mtu wa mwisho wa reli! Karatasi ziko wapi? Watu wanashika chapati kwa viganja hapa!

Anazipenda kwa ajili ya muhuri. Anawatangazia wasafiri kwamba chapati zake zimepitishwa na kampuni, waende wakaulize za jirani kama zina muhuri. Jirani anamtukana kwa Kizigua, wanacheka wote.

Nikamweleza habari ya mama. Akaacha kugeuza chapati mpaka ikaungua upande mmoja. Akasema: Nenda, Laurenti. Printa siyo mtoto wako.

Rahisi kusema.

Jumanne, 15 Juni 2004

Nimeomba tena. Hapana. Printa imetafuna karatasi mara mbili. Kidole kimechanika.

Ijumaa, 18 Juni 2004

Leo nimedhani nimekwisha.

Bwana Sadala, wakala wetu wa Handeni, amefika asubuhi na basi la kwanza. Hakusalimu. Ameweka juu ya meza ya Mzee karatasi yenye mafuta — nikaijua kabla haijakunjuliwa. Ya Hajira!

Kisa ni hiki. Bei ya kamba ilishuka Jumatatu ya wiki iliyopita. Sadala akaendelea kuuza bei ya zamani mpaka Alhamisi, akiwaambia wateja kwamba Korogwe hawajampa bei mpya. Mteja wake mmoja ni Parsaoti, mfugaji anayenunua kamba nyingi na kuwauzia wenzake mnadani. Juzi Parsaoti kapita stendi yetu, kanunua chapati, kala, kisha kasoma kilichofungia. Jina la mashine ya Handeni, tarehe ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, ukurasa wa bei mpya. Mara nne! Na muhuri wa kampuni chini. Karudi Handeni, kasimama mbele ya duka, kawasomea watu kwa sauti. Sasa wote wanadai warudishiwe tofauti.

— Mzee, mimi wakala wako! Unanianika kwenye chapati?

Mzee akaigeuza karatasi. Akaona muhuri. Akaona sahihi yake mwenyewe. Akaniita.

— Laurenti, nilikwambia uzifanyeje hizi?

— Nichome, mzee.

— Ukachoma?

— Nilimpa Hajira.

Nilisimama pale, moyo unapiga kuliko printa. Nilikuwa nafikiria jicho la mama, siyo kazi. Nikifukuzwa leo nauli naipata wapi?

Mzee akamgeukia Sadala, taratibu, akamuuliza kama Jumatatu aliifungua bei au hakuifungua. Sadala akasema hilo siyo suala lililomleta. Mzee akasema kwake yeye ndilo suala. Sadala akaanza kutafuta leso mfukoni.

Lakini baada ya Sadala kutoka, Mzee aliiinua ile karatasi kwa ncha za vidole. Halafu akasema, kama anajisemesha, kwamba muhuri wa kampuni siyo wa kufutia midomo. Akampigia Awadhi Tanga. Aje kesho. Azime logi zote mbili, ya wanaofungua na ya makosa. Isiandike chochote.

Mimi aliniambia nitoke nje. Nimetoka. Hakusema nisirudi.

Jumamosi, 19 Juni 2004

Zimezimwa! Zimezimwa!

Awadhi alifika saa nne. Kaka Laurenti, mambo, umewapa watu magazeti ya bure? Nikamwambia anyamaze, Mzee anasikia. Mzee alivuta kiti akakaa nyuma yake, mikono magotini, kama mtu aliye msibani. Awadhi akamwambia: Mzee, hafi mtu hapa.

Nilisogea nione. Alifungua ukurasa uliojaa maneno ya Kiingereza. Mbele ya mstari mmoja akaweka alama ya reli, #, ile ya kwenye simu. Mashine ikikuta alama hiyo inauruka mstari, amesema. Hiyo ndiyo logi ya wanaofungua. Ya makosa ni kaidi. Ukiuondoa mstari wake inakwenda kuandika mahali pengine bila kukuambia. Kwa hiyo haiondolewi, inaelekezwa kwenye shimo lisilo na chini, iandike humo mpaka ichoke. Kisha akaizima sava na kuiwasha tena.

Akafungua ukurasa wa bei kwenye kompyuta nyingine. Tukaitazama printa sote watatu.

— Imefunguka? Mzee aliuliza.

— Imefunguka.

— Na haikuandika?

— Haikuandika.

— Sasa mimi nitajuaje nani kafungua?

— Hutajua, mzee wangu. Na chakula kitashuka vizuri.

Nikasikia feni. Kumbe ofisi ina feni! Inalia kidogo, kama kuku anayetaga. Nikasikia wanawake wanaongea Kishambaa barabarani. Nikasikia kalamu ya Mzee ikigonga meza. Nilitamani kucheka, nikatoka kwenda kucheka nyuma ya choo.

Jumatatu, 21 Juni 2004

Jana nililala mchana kama mtoto mchanga. Hakuna kriii.

Leo Mzee kanipa onyo la mdomo kwa ajili ya zile karatasi. Nikasema nimekosa, mzee. Halafu, kabla sijaomba, akasema hana tena cha kunishikilia hapa. Niende kwa mama yangu. Kaandika ruhusa ya wiki tatu!

Nimemuuliza kama nikirudi kazi ipo. Aliitazama printa, imefunikwa kitambaa. Akasema: Urudi kwanza.

Sitaki kulifikiria jibu hilo. Nimekata tiketi ya basi la Dodoma la keshokutwa, huko napanda treni ya Kigoma. Nitafika Jumapili, Mungu akipenda. Nimempigia Paulina. Mama alikuwa pembeni, nikamsikia anauliza kama ni mimi kweli. Halafu kamwambia Paulina aniambie nikate kucha, kwa sababu mara ya mwisho nilimshika mkono nikamparua.

Nimezikata.

Jumanne, 22 Juni 2004

Handeni hawaoni bei. Sadala kapiga simu tangu asubuhi, ukurasa haufunguki kwake. Hapa unafunguka. Dar unafunguka. Mzee kaniagiza nimletee karatasi ya makosa ya leo, nikamkumbusha hakuna. Akapiga meza. Simu ya Awadhi haipatikani, nyumbani kwake wanasema yuko harusini Pangani, atarudi usiku.

Mzee kazunguka ofisi. Jioni kakivua kitambaa cha printa, kakikunja vizuri, kakiweka kabatini.

Kasema: kesho Awadhi atafika mapema. Ataiwasha ile ya makosa, kidogo tu, mpaka kosa la Handeni lipatikane. Wewe upite hapa kwanza, ulishe karatasi. Basi lako utaliwahi.

Kidogo tu. Namjua Mzee. Akianza kugonga muhuri haachi. Basi linaondoka saa tatu.

Nimesema: Ndiyo, mzee.

Jumatano, 23 Juni 2004

Sikupita.

Niko ndani ya basi, kiti cha dirishani, begi magotini. Hajira kanifungia chapati nne kwenye gazeti, hakutaka pesa. Injini inawaka lakini bado wanapakia magunia juu. Saa tatu kasoro.

Nimeona gari ya ofisi inaingia stendi. Mzee Kibwana ameshuka, amevaa miwani yake. Anakwenda basi la kwanza, anachungulia. La pili. Sijui anataka nini. Labda kosa limepatikana, labda anakuja kuniaga. Mtu haachi ofisi saa hii kuja kuaga.

Nimevuta pazia.

Anaongea na kondakta wetu mlangoni. Nasikia sauti yake, siyasikii maneno. Kondakta kapanda, anapita katikati ya viti, anauliza kwa sauti: Nani Laurenti humu? Laurenti ni nani? Mama mmoja wa kiti cha pili ananitazama, kisha anatazama kalamu yangu.

Mimi naandika tu.