Kichwa Yangu Inanisengenya

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Siku ya 82 bila kuonja kitu. Madam Cate wa group yetu ya kuacha pombe amesema kila siku tuandike zile fikira mbaya zenye zinatuingia. Mimi nimeishia darasa la tano, na ananipatia homework na miaka arobaini na tisa! Ati hatasoma. Vizuri. Basi nitaandika ukweli.

Leo Mathenge alilia. Huyu alikuwa dereva wa trela, alikunywa mshahara yote pale Salgaa mpaka akauza tairi ya spea ya wenyewe. Anasema kichwa yake humwambia, "Wewe ni takataka." Nikamwangalia na hiyo kamasi. Nilitaka kucheka, nikakohoa. Madam Cate akamwambia: fikira ikikuja, iulize ushahidi.

Hapo nikashtuka. Si hiyo ni umbea tu! Mimi nimefanya umbea hapa Bahati miaka ishirini, naijua kutoka kwa mizizi. Mtu akiniletea maneno, naulizanga: nani amesema? Ulikuwa hapo? Uliona na macho ama uliambiwa? Na kichwa yangu mwenyewe naiaminianga bure! Inanisengenya, na mimi naivutia kiti.

Jumanne, 6 Agosti

Nimejaribu. Nikiwa nakanda chapati za kuuza, kichwa ikaanza: "Wateja wanakucheka. Wanakumbuka vile ulilala kwa mtaro na mbwa ikakula chapati zote." Nani amesema? Kimya. Taja jina! Kimya. Mjinga.

Halafu Mugure wa mboga akapita. "Mama Joyline, leo mbwa watalala njaa?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Sawa. Hiyo moja ilikuwa na shahidi. Lakini alinunua nne.

Alhamisi, 8 Agosti

Ndugu yangu Sitati amekuja na bibi yake, Nabalayo. Nilijua kuna jambo, kwa sababu Nabalayo alibeba sukari — huyo mwanamke hajawahi kuniletea hata chumvi. Kijana wao Jerry anapashwa tohara wiki ijayo, na wazee lazima wapate busaa, ile pombe ya unga. Chifu amepeana ruhusa. Sasa nani atapika? Tangu mama afe, kwa hii ukoo ni mimi tu. Mwaka ule Nabalayo alijaribu, wazee walishinda kwa choo badala ya kuimba.

Nikasema ndio. Hata sikupumua.

Hawajui mambo ya group. Niliwaambia niliacha pombe kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Vidonda ni ugonjwa ya heshima, watu wanakuombea. Ulevi wanakuombea pia, lakini wakiangalia pembeni.

Wakienda, kichwa ikasema: "Bila busaa wewe si mtu kwa hii familia." Nani amesema? Ikanijibu: angalia hiyo sukari.

Wueh. Imeanza kujifunza.

Jumamosi, 10 Agosti

Ile unga nililoweka juzi imechacha vizuri, leo tumekaanga juu ya mabati. Moshi mpaka kwa jirani! Nabalayo kazi yake ilikuwa kukohoa. Mimi niko na mwiko, natoa amri, watu wanakimbia. Nilifurahi. Hiyo ndiyo shida — nilifurahi sana. Kesho ni kutia kimera na maji.

Group sikuenda. Mathenge akapiga simu.

"Mama Joyline, uko wapi?"

"Niko na wageni."

"Uko na busaa. Mugure amemwambia kila mtu." Huyo mwanamke ananiibia kazi! Akauliza, "Sasa itaonjwa na nani?"

Nikakata simu.

Kwa sababu busaa si chapati, ati utaiangalia tu na macho. Siku ya kunywa mpishi huonja wa kwanza, mbele ya wazee, ndio aseme imeiva. Asipoonja hawagusi. Watasema ameweka kitu.

Jumatatu, 12 Agosti

Inatoa povu kwa pipa. Nimeenda kwa Sitati kuifunua mara tano. Kuangalia tu. Mara sita.

Kichwa imebadilisha sauti: "Siku themanini na tisa! Umeshinda. Mtu ameshinda anaweza kuonja." Ile ya kunitukana nimeizoea. Hii inanisifu! Jirani akikusifu asubuhi mapema, hesabu kuku.

Jumatano, 14 Agosti

Siku ya 91. Naandika nikiwa kwa choo. Choo ya shimo, kwa Sitati, saa tano mchana. Nimefunga komeo.

Wazee wameketi na mirija yao. Sitati akachota kata moja, akanipea mbele ya wote. "Dada, onja tuanze." Nikasema, tumbo. Mzee mmoja akasema busaa ndiyo dawa ya vidonda, yake ilipona hivyo. Wote: eeeh! Nabalayo akasema, si hata kijiko tu? Nikainua kata. Ilifika kwa kidevu. Harufu ikaniita jina. Nikaiweka chini, nikashika mkoba, nikakimbia huku.

Kichwa: "Ukisema ukweli watakutupa." Nani amesema? Ulikuwa hapo? Hakuna mtu alikuwa hapo, kwa sababu sijawahi kusema.

Sitati amegonga. "Dada, kijiko moja haiui mtu."

Nikasema kwa mlango, tena kwa nguvu: "Sitati, sina vidonda. Mimi ni mlevi. Nikionja kijiko, nitamaliza pipa."

Nikasikia miguu yake ikirudi nyuma.

Halafu Nabalayo: "Tulijua tangu mwezi wa sita. Kwani mtu wa vidonda hukula pilipili hivyo? Toka, kuna watu wanataka choo."

Walijua! Walijua na bado wakanipea kata!

Sasa wanabishana huko nje. Mzee anasema haionjwi na mtu mwingine. Sitati anamwambia, basi mzee wangu utaenda na kiu. Nabalayo anasema ataonja yeye, ni mama ya kijana. Huyo! Ulimi yake ni ya kusema tu! Imebidi nipige kelele: "Usimeze haraka! Weka chini ya ulimi. Ikiuma pembeni, imeiva. Ikiuma katikati, funikeni mpaka jioni!"

Kata imegonga pipa. Nasikia anameza — anameza kama ng'ombe.

"Pembeni ni pembeni gani?" anauliza.

Wazee wanalia kiu. Sitati amerudi kwa mlango, sauti ya polepole: "Dada, toka tu uangalie rangi."

Mate imejaa mdomo. Nimetema kwa shimo. Imejaa tena. Mkono moja inaandika, hii ingine iko kwa komeo, na sijui kama inafungua ama inashikilia.