Waridi za Sukari na Njugu za Safia

Mama mpendwa,

Nakusalimu kutoka Garissa. Goti lako laendeleaje? Mvua imefika huko Vihiga, na yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umelala chini, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe huniuliza kama nimekula, halafu unakata.

Mzigo ulifika. Mahindi nimeyala. Njugu ulizifunga kando ukaandika kwenye karatasi, "Za yule mama anayemfundisha mtoto wangu maua." Mama, njugu hizo bado ziko kwangu. Ngoja nikueleze.

Unakumbuka nilipohamishiwa shule hii nilikaa miezi sina wa kuzungumza naye nikitoka darasani. Siku moja nikamwona Safia, jirani wa nyumba ya tatu, akitoa keki ya harusi mlangoni. Maua yake ungedhani yamechumwa asubuhi ile, kumbe ni sukari tupu. Nikamwomba anifundishe. Siku ya kwanza alinipa kidonge cha sukari iliyokandwa, akaniambia nikisukume kiwe petali.

"Laza juu ya kidole. Unaona kidole yako? Kama huoni, ua iko nzito. Kanda tena."

Nilikanda mpaka mabega yakaniuma. Na joto la huku hulijui. Ukizubaa kidogo ukingo wa petali unakauka na kupasuka, na feni haiwashwi kabisa. Kwa hiyo tulifanya kazi Jumamosi mara tu baada ya swala yake ya alfajiri, donge likiwa chini ya kitambaa chenye unyevu. Jua likipanda tunaacha, tunakunywa chai ya maziwa ya ngamia. Aliniita abaayo, yaani dada. Tangu nije huku hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Nilipotoka kwako likizo iliyopita nilipitia Nairobi, nikanunua pakiti ya jelatini, ule unga unaofanya sukari ivutike bila kukatika. Safia hununua yake kwa mtu mmoja tu hapa mjini, na kopo lake lilikuwa linaelekea kuisha. Nilitaka kumfurahisha. Jumamosi iliyofuata nikamimina humo kimya kimya, ili agundue mwenyewe kwamba limejaa.

Asubuhi hiyo tulitengeneza waridi za harusi ya familia moja kubwa hapa. Safia akaonja donge kwa ncha ya ulimi, kama kawaida yake. Waridi zangu, kwa mara ya kwanza, hazikutofautiana na zake. Tukazipanga kwenye trei za mayai zikauke, nikaenda nyumbani nimejaa majivuno. Nilipotoa ile pakiti mkobani niitupe ndipo nikasoma maandishi madogo. Imetengenezwa kwa ngozi ya nguruwe.

Mama, sisi hatusomi mambo hayo. Sisi hutazama bei na tarehe ya kuharibika. Nilikaa nimeishika, nikajiambia hakuna atakayejua, sukari ni sukari. Lakini huku maua ya keki hupewa watoto na akina nyanya wayale, na Safia nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akionja.

Nikarudi, nikamwambia. Hakunipigia kelele. Alisoma pakiti, akaenda kusukutua, kisha akatia maua yote guniani.

"Hukujua," alisema. "Mtu hajui, hana dhambi. Lakini kwa nini hukuniuliza? Kopo ni yangu. Jina ni yangu."

Tuliosha kila chombo mara saba, mara ya kwanza kwa maji yenye udongo, kama dini yao inavyoagiza. Kisha akaosha mikono yake vivyo hivyo. Nilipokinga yangu ili animiminie, aliweka birika chini.

"Wewe si lazima, mwalimu."

Mwalimu, Mama, si abaayo tena. Nililia njiani mchana kweupe, sikujali nani ananiona. Keki ilikwenda harusini nyeupe, haina hata ua moja, na nasikia maneno yalisemwa.

Wiki tatu sasa hajaniita. Tukikutana dukani ananisalimu vizuri, anauliza habari za shule, anaenda zake. Heri angenitukana. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi niliyamwaga kwa mkono wangu mwenyewe nikidhani natoa zawadi.

Nisalimie mjomba fundi baiskeli, na wifi, mke wa kaka, umwambie kanga aliyoniagiza naitafuta. Nyanya mwambie bado nasali kanisani, asisikilize ya watu.

Jana nilichukua bakuli langu jipya, nikaliosha mara saba, nikianza na udongo, nikihesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Nimeweka njugu zako ndani na kufunika. Jumamosi, akishamaliza swala ya alfajiri, nitabisha mlangoni kwake. Akizipokea, nitakupigia siku hiyo hiyo. Usiposikia simu yangu, Mama, usinipigie kuniuliza kama nimekula.

Wako wa tumboni,
Jeska