Jikoni Hapafungwi

Bremen, mwezi wa Shaabani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na ile barabara iliyokatwa na mvua za El Nino, magari yanapita sasa au bado mnateremka na kutembea? Sisi hapa hatujambo, alhamdulillahi. Mjukuu wako Aisha ameota meno mawili na ananiuma nikimnyonyesha. Baridi imeanza, lakini baridi nimeizoea kuliko upweke.

Barua yako imenifikia. Mwanasha, mdogo wangu, wewe ndiwe uliyemwandikia Mama na wewe ndiwe utakayemsomea jibu langu, basi usiruke neno, hata lile linalokuhusu.

Mama, umeniambia Ami Bakari alikuja nyumbani na karatasi mkononi, akasema nimewavua nguo mbele za watu. Nisipoifunga hiyo Jikoni yangu na kuandika barua ya kuomba radhi, hatamwozesha Mwanasha. Nawe umenisihi nifunge, mdogo wangu aolewe kwa amani. Nimelia. Lakini Ami amekueleza nusu. Nusu nyingine ninayo mimi.

Nilipojifungua Aisha, mume wangu alirudi kwenye kazi yake ya upishi siku ya tatu. Sikuwa na wa kunikanda wala wa kunipikia uji. Nilikaa na mtoto ghorofa ya nne, mshono unaniuma, sijui kama ndivyo unavyouma au ninaoza. Katika maktaba ya mtaa wetu kuna kompyuta, na mama mmoja wa Kijerumani anayetunza vitabu alinifundisha kuandika barua zinazofika Muscat au Toronto kabla hujainuka kitini. Humo nikakuta baraza ya watu wa pwani waliotawanyika duniani: mmoja akiandika, wote wanasoma. Wanaume walikuwa wakibishana siasa. Mimi nikauliza kama yuko mwanamke aliyepitisha arubaini yake ya uzazi peke yake, na alifanyaje. Akanijibu mwanamume: "Mambo ya jikoni yapelekwe jikoni."

Nikasema haya. Nikafungua baraza yetu, wanawake watupu, nikaiita Jikoni. Tulianza watatu, leo tumepita thelathini. Nilipoandika habari ya mshono, wa kwanza kunijibu alikuwa mwanamke wa Vanga anayeishi Oslo. Aliniuliza kama mshono una joto, kama una harufu, kisha akaandika: "Nenda hospitali leo, usingoje mumeo arudi." Nilikwenda. Daktari alinilaza siku tano. Hilo sikukuandikia, Mama, nisikutie hofu.

Hayo ndiyo yaliyo kwenye karatasi za Ami. Mume wa mmoja wetu, anayefahamiana na Ami, aliyachapisha bila mkewe kujua, akamtumia Ami kwa posta. Mimi niliueleza mwili wangu kwa wanawake wenzangu. Aliyeutoa nje ni mwanamume, na aliyeutembeza Msambweni nzima ni Ami. Sasa nani amemvua nani nguo?

Hata hivyo, kwa ajili ya Mwanasha, niliwaandikia wenzangu kwamba nafunga, nikawaeleza sababu. Bi Zuhura, mtu mzima anayesomesha wasichana madrasa huko Muscat, alijibu kwa mstari mmoja: "Si ulituambia mna kaka, baba mmoja mama mmoja? Huyo ndiye walii wa kumwozesha, ami anamtanguliaje?"

Mama, sote tulisahau. Baba alipofariki mwanao Salim alikuwa mdogo, Ami akashika kila kitu, nasi tukaendelea kumwachia mpaka Salim amekuwa mwalimu mwenye ndevu huko Kinango. Nilimpigia simu shuleni kwake. Nilimsomea jibu la Bi Zuhura. Akasema, "Dada, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kesho yake alikwenda Kwale kwa kadhi, akapewa jibu lile lile la Bi Zuhura. Atafika kwako siku moja kabla ya harusi, na yeye ndiye atakayemwozesha Mwanasha.

Ami mwalikeni kwa heshima zote. Mketisheni mbele, apakuliwe pilau kabla ya wengine. Akija, karibu. Akisusa, ndoa itafungwa. Barua ya radhi siandiki, na Jikoni hapafungwi.

Nisalimie shangazi yangu wa Mkwiro, mama mkwe wangu, na jirani yetu mshona nguo, mwambie gauni la Aisha limemtosha.

Jambo moja limebaki. Kuna binti wa kwetu huko Toronto, mtoto wake wa kwanza analia tumbo kila siku na hana wa kumwuliza. Nimewaambia mama yangu amelea wake na wa majirani. Mweleze Mwanasha unavyofanya, aandike, anitumie. Wenzangu wanauliza waweke jina lako au wasiliweke. Amua mwenyewe, Mama. Usimuulize Ami.

Mwanao akupendaye,
Mwanakombo